Homa ya Kima na Doriani za Chuma

Siku ile, kwenye benchi la mama muuza kahawa, Indai Sulau, pale gatini Kapit, mji wetu wa kando ya mto, mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye sauti kubwa. Wananiita Chuma kwa kuwa siumwi. Jina lenyewe nilijipa.

Apai Bansa, ambaye sisi humwita Redio kwa kuwa habari humfikia kabla hazijatokea, alitua kikombe. "Mmesikia ya asubuhi? Kuna malaria ya kima! Mbu anamnyonya kima msituni, halafu anakuja kukudunga wewe."

"Amdunge kima mwingine," nikasema. Meno yaligongana, nikasingizia upepo wa mto.

"Chuma, mbona unatetemeka kama boti ya Mota?" Redio akauliza.

"Boti yangu iache," akadakia Mota, aliyekuwa anirudishe shambani kwangu juu mtoni muda si mrefu. "Boti yangu ukiizima, inatulia."

Indai Sulau akaniwekea kiganja shingoni, akakiondoa kama aliyegusa sufuria. "Na jana ulikuwa hivi?"

"Jana kidogo. Na juzi. Mida hiihii."

"Kila siku?"

"Kila siku! Ndiyo maana si malaria!" Hapo nikasimama kutoa mhadhara, nikishikilia meza nisianguke. "Malaria ya marehemu baba ilikuwa na adabu zake: leo inakuja, kesho inapumzika. Hii yangu inaripoti kazini kila siku kama askari. Halafu mimi nalala kwenye chandarua!"

Redio akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. "Umejishtaki mwenyewe, ndugu yangu! Hiyo ndiyo ya kima. Wale wadudu wanazaana kwenye damu kila siku, likizo hawaijui. Ukizubaa, wamejaa nyumba nzima. Hebu sema, magharibi huwa unakaa wapi?"

"Nje ya kibanda cha shamba. Nangoja matunda ya doriani yaanguke."

"Na juu ya mti kuna nani?"

Nikakohoa. "Kima."

"Basi chandarua chako kinaulinda mkeka."

Benchi zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, ila kicheko changu kilitoka vipandevipande kwa baridi. Mota akashuka botini, akarudi na kikapu changu, akakibwaga miguuni pangu.

"Sikupeleki. Hospitali hiyo hapo juu, hata kutambaa unafika."

"Hamnielewi nyie!" nikafoka. "Doriani ndiyo kwanza zinaanguka! Mwaka mzima nimezingoja. Nikilazwa, nani atawafukuza wale majambazi? Kima watazimaliza zote!"

Indai Sulau hata hakugeuka. Alikuwa akisuuza kikombe changu.

"Ukienda hospitali, Chuma, watakula za msimu huu. Ukibaki, watarithi mti. Mbu ameshawafanya ndugu wa damu."