Njaa ya Wadudu wa Goti la Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Bibi ana homa tena, na goti lake la bandia, la chuma, limevimba. Daktari anasema huenda bakteria wamejificha kwenye chuma, huenda ni uvimbe tu. Wakiwa bakteria, goti litafumuliwa na Bibi hatatembea kwa miezi. Nani atanisindikiza maktaba? Peke yangu siwezi. Mkutubi akinisalimu tu, ulimi unakwama.

Alhamisi atapigwa picha ya ajabu. Atadungwa sukari ya pekee iliyotiwa mionzi kidogo. Mwili wa binadamu hauna haja nayo, bakteria ndio huila. Mashine huona mionzi ilipokusanyika, na wezi wanakamatwa kwa ulafi wao. Nimesoma makala yake mara mbili. Raha iliyoje!

Lakini je, wakiwa wameshiba? Chai ya Bibi ni asali tupu. Watasusa ile ya sindano! Lazima wafike hospitali na njaa. Mwenye njaa hana miiko.

Jumanne, 5 Machi

Nimeficha sukari, asali na jamu chini ya kitanda changu. Bibi kaonja chai, kauliza nani amekufa. Nikasema sukari imeadimika madukani. Mama akasema ajabu, jana kanunua. Binamu yangu, anayeitwa Bingwa kwa ajili ya mpira, akasema Profesa leo ana uso wa paka aliyeiba samaki. Profesa ni mimi. Simpendi Bingwa.

Jumatano, 6 Machi

Sisimizi! Msururu kutoka dirishani hadi godoroni. Nimeumwa mahali nisipoweza kupaandika. Kisayansi ni dalili njema: mwenye njaa huifuata sukari popote ilipo.

Jioni, msiba. Nimemkuta Bibi akimumunya pipi. Kapewa na Bingwa! Eti mzee asiteswe. Nikamwambia anahujumu matibabu. Akauliza mimi ni daktari au kunguni. Nikazichukua pipi zilizobaki. Bibi kasema siku nikioa, atamwombea mke wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Bingwa kambeba Bibi ngazi zote za hospitali. Anajionyesha.

Muuguzi alipomdunga alimwonya leo asipakate mtoto mchanga, kwa ajili ya mionzi. Bibi akaninyooshea kidole, akajibu mtoto wake ndiye huyu, miguu kama nguzo za simu, hapakatiki. Akanyweshwa maji, glasi baada ya glasi, kisha akaingizwa kwenye mashine.

Baadaye daktari akatuita tuone picha. Chini ya tumbo, mwanga mkubwa! Nikapiga kelele, mimi, mbele za watu, kwamba wadudu wamehama! Daktari akasema taratibu kijana, hicho ni kibofu, dawa inatoka na mkojo. Bibi akaniomba nisimtangazie mkojo wake jengo zima.

Na goti? Giza! Safi! Ni uvimbe tu, hakuna kufumua chochote. Mama akalia, Bingwa akanikumbatia, nami nikasahau kumsukuma. Ila kwenye taya palikuwa na nukta inayowaka kama kaa la moto. Jino! Homa yote ile ni jino bovu.

Nikamnong'oneza daktari mpango wangu wa njaa. Akauma mdomo. Akasema sukari ya chai ni kitu kingine kabisa. Hata Bibi angekunywa debe zima, picha ingetoka vilevile.

Jumapili, 10 Machi

Jino limeng'olewa, homa imekwisha. Jana Bibi alinisindikiza maktaba kwa mkongojo, polepole, akiwasimulia wapita njia habari za kibofu chake. Mkutubi pia. Nilijificha nyuma ya kamusi.

Nimemfikiria sana yule daktari. Mtu mwema, ila hapendi kugawana sifa. Bila njaa niliyoiandaa, wale wa kwenye jino wangekula upesi vile?

Leo Bingwa anapiga chafya, na ana mechi. Alimbeba Bibi, siwezi kumtupa. Mafua nayo lazima yana chakula chake, na Bingwa hula mkate kuliko kitu chochote. Nimeuficha wote chini ya kitanda. Hajajua.

Sisimizi wameshajua.