Wimbo wa Shule Nisiyosoma

Jumatatu, 4 Machi
Tangazo hospitali ya chuo kikuu! Wanataka wasukuma vitanda vya wagonjwa. Umri si hoja. Elimu haiulizwi. Tena marufuku kutaja shule, kijiji wala ndugu, ukitaja, umejitoa. Ha! Miaka sitini na tisa nimeishi Korea hii, hata muuza samaki huulizwa kasoma wapi. Mtego huo! Mtu mzima hatishiwi nyau.

Mke wangu Ok-bun anasugua wanawake migongo kwenye bafu la mtaa. Magoti yamemvimba kama maboga. Nimemwapia: nikipata kazi, anaacha siku ileile. Akaniuliza, Baba Yeong-ju, hiki kiapo cha ngapi?

Jumatano, 6 Machi
Shule niliacha darasa la tatu, na darasa lenyewe lilishangilia. Nikamwendea Pyo Deok-chil, dereva wa basi mstaafu. Kamaliza Sekondari ya Dongrim, na hachoki kutuambia. Nikamwomba aniazime shule yake. Akacheka mpaka pombe ya mchele ikamtokea puani. Kaka, akasema, shule si koti! Lakini kwa chupa mbili akanifundisha wimbo wa shule. Akauliza ni kazi gani hiyo. Nikamweleza yote. Mdomo huu!

Ijumaa, 15 Machi
Usaili. Nguvu? Usiulize! Vijana wa miaka hamsini walihema kama mbwa. Mimi nikasukuma kitanda chenye magunia mawili ya mchele, bakuli la maji juu yake, hata tone halikumwagika. Niliwahi kumbeba fahali mgongoni kuvuka mto, seuze kitanda! Mama mwenyekiti wa kamati akatabasamu. Mzee, akasema, una mkono mtulivu.

Hapo ningeinama, nikaenda zangu. Weee! Nikasimama wima, kofia kifuani, nikaimba wimbo wa Dongrim. Beti zote tatu.

Mama akaweka kalamu chini. Akaniambia taratibu, kama mleta habari za msiba, kwamba nilikuwa nawaongoza wote mpaka nilipofungua kinywa kuimba. Nikalia: lakini shule yenyewe sikusoma, mama! Akasema basi hayo ni makosa mawili.

Jumatatu, 18 Machi
Kazi kapata Pyo! Msaliti! Kwenye fomu aliandika jina na simu, basi. Kapita mtaani na sare ya kijani, ananipungia mkono.

Ok-bun hakunigombeza. Afadhali angegomba. Alijifunga magoti vitambaa, akachukua beseni lake. Mlangoni akasema, wali upo, Baba Yeong-ju, ule. Miaka arobaini na tatu namwahidi huyu mwanamke mapumziko, na anayepumzika ni mimi. Mdomo huu ungekuwa mbwa, ningeufunga kamba.

Jumanne, 19 Machi
Tangazo jipya, hospitali ileile! Wafua mashuka. Masharti yaleyale. Kosa langu nimeshalijua: kutaja shule. Ujinga mtupu! Safari hii shule sitaji ng'o. Nitawaambia mkurugenzi ni mtoto wa dada yangu. Dada sina, lakini watajuaje?

Nimemtuma Ok-bun akaage bafuni.