Meneja wa Spea Yuko Likizo

Wateja, wadau na wananchi wote wa Kanda ya Ziwa mnatangaziwa kwamba tangu mwanzo wa mwezi huu mimi, Yeremia, ndiye Kaimu Meneja wa Spea na papo hapo Kaimu Meneja wa Sevisi katika kampuni yetu ya kuuza magari hapa Mkolani. Vyeo viwili, mtu mmoja. Zamani idara hizi zilikuwa na mameneja wawili wasiosalimiana, Mkurugenzi Mayala akaona dawa ni kuwaweka wote ndani ya mwili mmoja. Mshahara ulibaki uleule. Alisema tumbo ni moja.

Nilipewa makoti mawili: la bluu la Spea na la kijivu la Sevisi. Sevisi ikihitaji kifaa, navaa la kijivu, natoka nje, nazunguka jengo na kugonga dirisha la stoo. Halafu nakimbia ndani, navaa la bluu, nafungua dirisha na kuuliza nani anagonga hivyo. Kuna siku Spea humnyima Sevisi, na siwafichi, huwa naumia.

Ukaimu una mwisho. Nikifika mwisho wa mwezi bila kuvunja utaratibu, nathibitishwa. Nikivunja, kwaheri. Rose, mke wangu, alishawatangazia majirani kwamba mume wake ni mameneja, kwa hiyo kurudi nyumbani bila cheo kulikuwa hakuwezekani.

Basi ukatoka waraka wa Mkurugenzi: kila meneja amalize likizo yake mwezi huu, na atakayegusa kazi akiwa likizo hana kazi. Hakuwa anatania. Mihayo, aliyenitangulia Spea, alimpa mteja waipa akiwa likizo, kwa huruma tu, maana mvua ilikuwa inapiga. Leo anachoma mahindi pale Butimba.

Nikatafakari waraka kwa kina. Meneja wa Sevisi alishamaliza likizo yake. Meneja wa Spea alikuwa hajaigusa. Nikamwombea, Mkurugenzi akaidhinisha bila kusoma, na Jumatatu nikaanza likizo na kuripoti kazini kwa wakati mmoja. Koti la bluu nikalitundika msumarini. Ufunguo wa stoo ulibaki mfukoni mwangu, lakini kisheria nao ulikuwa unapumzika.

Wiki ilikwenda vizuri sana. Tulihudumia magari yote yasiyohitaji spea, yaani tuliyaosha. Mengine yaliondoka yanang'aa, yakisukumwa.

Jumamosi asubuhi pikapu ya Mama Nurdin ikazimika mbele ya geti letu. Mama Nurdin ni mpishi wa shughuli, na nyuma alikuwa na masufuria ya pilau yanayofuka moshi.

"Feni belti imekatika," akasema fundi wetu Gladness, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Kazi ya nusu saa. Bosi, nipe belti."

"Meneja wa Spea yuko likizo," nikamjibu.

Gladness akanitazama. Akatazama mfuko wangu, ambao ulikuwa unalia kwa funguo.

"Yeremia mwanangu," akasema Mama Nurdin, "pilau hili linakwenda Busisi. Bosi wako anamposea mwanae leo. Amewaambia wakwe wasiwashe hata jiko, chakula chote kinatoka kwake!"

Shikamoo ilinitoka mara mbili bila kukusudia. Magari yote ya kampuni yalikuwa kwenye msafara wa Mkurugenzi, na kila kenta aliyoipigia simu Mama Nurdin ilikuwa imekodiwa na msafara huohuo, ili uonekane mrefu. Belti pekee ya pikapu ile Mwanza nzima ilikuwa stoo kwetu. Nilitamani kuifungua stoo, wallahi nilitamani. Nikamkumbuka Mihayo na moshi wa mahindi machoni.

Adhuhuri simu ikalia.

"Chakula kiko wapi?" Mkurugenzi alikuwa ananong'ona. "Wazee wananiangalia!"

Nikatoa taarifa kamili.

"Toa hiyo belti!"

"Mzee, niko likizo."

"Sasa ninaongea na nani?"

"Meneja wa Sevisi, mzee."

"Basi nipe Meneja wa Spea!"

"Simu yake ameizima, mzee. Ni agizo lako."

Halafu akapiga kelele hadi Gladness akasikia: "Nimekurudisha kazini! Sasa hivi!"

Hapo nilitamani kutii, nisiwadanganye. Mwezi uliopita matapeli waliiga sauti yake wakaagiza matairi, naye akatoa amri kwamba sauti yake kwenye simu isitiiwe tena. Meneja hurudishwa kazini ana kwa ana, mbele ya watumishi. Nikamkumbusha kwa heshima, nikampongeza kwa kuwa mwangalifu.

Mkurugenzi akavuka daraja la Busisi akarudi, suti imelowa jasho. Nikavua koti la kijivu haraka, nikabaki na shati la maua, maana mtu wa likizo havai koti.

"Shikamoo mzee. Za kazini?"

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, kisha akashika kiuno. "Yeremia. Rudi kazini."

"Kwa sauti kidogo, mzee, watumishi wako nyuma."

"RUDI KAZINI!"

"Na neno la kuomba."

"Tafadhali," akasema Mkurugenzi Mayala, na Gladness akajificha ndani ya boneti.

Nikavaa la bluu. Dirisha likafunguka, belti ikatoka, na baada ya nusu saa pikapu ikaunguruma. Mimi nikawekwa nyuma kushika masufuria.

Busisi tuliwakuta wazee wamekaa wamenuna. Walikula kimya, wakala tena, wakasema wabeja, yaani asante. Kisha Mzee Nkwabi, baba mkubwa wa Paskazia, binti anayeposwa, akasafisha meno na kuuliza kwa nini wakwe wamewashindisha njaa mchana kutwa.

"Foleni," akasema Mkurugenzi. "Darajani."

Watu wakatazamana. Daraja walikuwa wanaliona, jeupe, anapita mbuzi tu. Nikaona jina la kampuni linachafuka. Nikasimama na sufuria yangu, nikawaeleza yote: waraka, likizo, makoti, sauti isiyotiiwa. Mkurugenzi alikuwa ananikonyeza, nikadhani anafurahia.

"Na utaratibu huu aliutunga nani?" akauliza Mzee Nkwabi.

"Yeye mwenyewe," nikasema kwa fahari. "Kila neno!"

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wa maana.

"Haya, wakwe," akasema Mkurugenzi, akilegeza tai, "tunaomba basi Paskazia atoke tumwone."

"Binti yupo," akasema Mzee Nkwabi. "Yuko chumba hicho hapo, mnamsikia anacheka. Ila yuko likizo."

Mkurugenzi akaikaza tai tena.

"Anayeweza kumrudisha ni mimi," mzee akaendelea, "na mimi likizo yangu inaanza leo. Ikiisha, uje."

"Mzee wangu, nitakupigia simu tupange..."

"Simu? Siku hizi matapeli wanaiga sauti. Uje mwenyewe. Uje na pilau. Na neno la kuomba usilisahau."

Mkurugenzi akanigeukia, macho mekundu. "Yeremia, huna kazi!"

"Ipi, mzee? Ya Spea au ya Sevisi?"

"Ebo!" Mzee Nkwabi akainua fimbo yake. "Huyo usimguse. Siku hiyo uje naye, na makoti yake yote mawili. Ndiye peke yake upande wenu asiyesema uongo. Bila yeye hatukai kikao."

Tulirudi jioni kwenye gari la Mkurugenzi, mimi kiti cha mbele. Katikati ya daraja akasema, kwa sauti ya chini sana, akitazama ziwani, kwamba nimethibitishwa vyeo vyote viwili.

Nikamshukuru. Nikamwomba neno hilo alirudie Jumatatu kwa sauti, mbele ya watumishi.