Visima Vitano Katika Mkutano Mmoja

Wenzangu, leo nimeadhirika mbele ya kijiji kizima, na nimechoka hata kuona aibu.

Tangu alfajiri nilikuwa shamba la kijiji, tunapalilia pamba. Saa sita, mgongo umeshakuwa upinde, Mwenyekiti wetu wa kijiji akanijia mbio. Mtaalamu wa maji amefika, mzungu, na mkalimani wake kaugua, kabaki Mwanza.

"Mwalimu, Kiingereza unakiweza?"

"Ndugu Mwenyekiti, ndicho ninachofundisha." (Mdomo huu!)

Shida ya maji hapa kwetu, ng'ambo ya Kisesa, mnaijua. Kina mama wanaondoka gizani, wanarudi jua la utosi, kila mmoja na ndoo moja. Basi uwanja wa shule ulijaa, hata wagonjwa walikuja.

Mzungu akasimama, akajikohoza. "Well," akaanza, kisha akasema amefurahi kufika.

Neno lile nalijua! Limo kitabuni, na picha yake, kamba na ndoo.

"Kisima!" nikatangaza. "Na amefurahi kufika."

Makofi.

"Well," akasema tena. Vijiji ni vingi, vifaa vichache.

"Kisima! Ila vijiji ni vingi."

Kila akifungua mdomo, kisima. Mama Kabula, kiongozi wa kina mama, akawa anahesabu kwa vidole. Kidole cha tano kilipokunjwa, vigelegele vikapaa. Mzungu akawa mwekundu kwa furaha. Nadhani hajawahi kupokelewa hivyo popote. (Mimi nilijiuliza vyote vitano tutavichimba wapi, lakini kazi ya mkalimani si kuuliza.)

Mbele kabisa, kwenye kigoda, alikaa Bibi Ng'wasi, anakohoa. Mzungu akamwinamia kwa huruma, akauliza swali fupi lenye neno lile lile. Jua linapiga, kichwa kinazunguka. Nikatafsiri kama lilivyo.

"Bibi, anauliza kama wewe ni kisima."

Bibi akameza kikohozi.

"Mwambie nilikuwa," bibi akajibu. "Nimenyonyesha tisa. Sasa nimekauka."

Dereva wa mzungu, aliyeegemea Landrova muda wote, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Mwalimu, samahani. Anauliza kama bibi ni mzima."

"Na vile vya mwanzo?" Mama Kabula akadakia, vidole vyake bado kavikunja.

"Aa, vile alikuwa anaanza kusema tu, mama. Kama sisi tunavyosema 'haya'."

Mama Kabula akakitazama kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo tumepigia vigelegele haya tano?"

Jamani, ardhi haikupasuka! Dereva, ambaye hakuna aliyemuuliza kama anajua Kiingereza, akachukua ukalimani. Kumbe mzungu kaja kupima bondeni tu. Maji yakionekana, tutachimbiwa kisima kimoja, baada ya mvua. Kimoja. Watu wakaguna. Ningetafsiri sawasawa tangu mwanzo, hicho kimoja kingepigiwa ngoma.

Nikapewa kazi niliyoiweza: kubeba fimbo za kupimia. Mama Kabula akanipita njiani na ndoo yake tupu kichwani. "Pole na kazi, mwalimu," akasema. Hakucheka. Hapo ndipo iliponiuma.

Nawaomba msicheke. Atakayeshindwa, acheke kwa Kiswahili.