Chunusi za Wimbi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Daktari wa Thika amesema moyo umechoka, nisipange mambo ya mbali. Basi niungame. Mimi, mwalimu wa kemia kwa miaka thelathini na minne, nimedanganya kuhusu nta. Jirani yangu hapa Kalimoni, Ngina, hutengeneza losheni na kuwauzia akina mama wa chama chake. Nta ndiyo inayoshikanisha mafuta na maji. Jana aliniuliza kama inaziba vinyweleo vya ngozi. Jibu ninalijua: kwa kiasi kile kidogo, kwa watu wengi, haielekei kuziba. Lakini ningejibu hivyo angeshukuru na kwenda zake. Nikasema tuijaribu kwenye shavu langu. Aje kila asubuhi kulikagua.

Jumanne, 10 Juni
Amekuja. Amekaa hadi kikombe cha pili. Shavu safi. Huniita guka, yaani babu. Akasema, "Guka, una ngozi ya mtoto." Nina miaka themanini na mmoja. Ngozi hii haipati chunusi hata kwa maombi. Akasema kesho likiwa safi, tumemaliza.
Tumemaliza?

Jumatano, 11 Juni
Nimebandika punje tatu za wimbi shavuni kwa uji. Zimekauka vizuri. Ngina akashika kichwa. Palepale akampigia simu Warigia, mwenyekiti wa chama, kwamba wasipake losheni, wairudishe yote. Hilo sikulipanga.

Alhamisi, 12 Juni
Tuliketi uani. Ngina akainama kunikagua. Kuku wake akarukia pajani mwangu, akadonoa chunusi mbili. Ngina akamtazama kuku. Akanitazama mimi. Akabandua ya tatu kwa ukucha. "Guka, hii ni wimbi." Nikakiri yote, hata ya kwamba nyumba ni kimya mno. Akasema chama kimeshamwita mtengeneza sumu. Akambeba kuku wake, akaenda.

Ijumaa, 13 Juni
Hakuna mtu. Nilitoa vikombe viwili, kwa mazoea.

Jumamosi, 14 Juni
Amerudi. Hakuketi. Anataka barua yenye sahihi yangu, aisome mbele ya chama Jumatatu, la sivyo amepoteza wateja wote. Nilikuwa nimeshaiandika usiku. Nikamkabidhi ukurasa wa kwanza. Ni ukweli mtupu: nta haina kosa, kosa ni langu. Akauliza sahihi iko wapi. Nikasema itakuwa ukurasa wa pili, ambao sijauandika; mkono umechoka, aje kesho saa ya chai. Akaukunja ukurasa. Akasema atakuja, bila kuku.
Ukurasa wa pili, wenye sahihi tayari, nilikuwa nimeukalia.