Nepi Namba Kumi na Saba

Ghorofa ya Tatu, mlango wa mwisho
Jumatano, saa nane mchana
Barua Na. 1

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Wakazi wa Jengo,
Ghorofa ya Kwanza.

Ndugu Mwenyekiti,

KUHUSU: TANGAZO LENU LA IJUMAA, PUA ZENU, NA KUPOTEA KWA NEPI MOJA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na pua yako. Sisi huku juu hatujambo. Mjukuu wangu ameota jino la pili na anatafuna kila anachokishika, likiwemo tangazo lenu, ambalo nilimpa alishike kidogo wakati natafuta miwani. Kona inayokosekana kwenye nakala niliyoambatisha ni kazi yake, si dharau yangu.

Kwa faida ya wajumbe watakaosomewa barua hii kikaoni na hawanijui vizuri, mimi ndiye yule mnayemwita Mzee Stoo. Nilitunza stoo ya vipuri vya pampu za maji kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo haikupotea hata nati. Naishi na mjukuu wangu wa miezi saba, ambaye kwa tabia yake ya kutoa amri bila maelezo tunamwita Bosi. Baba yake ni dereva wa malori ya safari ndefu, tunamwona kama mtu anavyoona mwezi. Mama yake, yaani binti yangu, anasomea ukunga. Hulala chuoni siku za masomo na kuja kwetu mwisho wa wiki. Amebakiza wiki kumi na moja afanye mtihani wa mwisho.

Nanyi mmeniandikia kwamba harufu isipokwisha kufikia Ijumaa hii, saa kumi jioni, mtoto ahamishwe. Ahamie wapi? Ama aende kwa bibi yake mzaa baba, safari ya siku mbili, ama binti yangu aache chuo. Nataka kila mjumbe alijue hilo kabla hajacheka, maana kucheka najua mtacheka.

Kwanza utaratibu wangu, ili msiseme sikueleza. Gari la taka huja Jumatatu tu. Mapipa ya uani mmeyafunga kwa kufuli kwa sababu ya mbwa, na sina ugomvi na hilo. Lakini Bosi hajui Jumatatu ni nini. Yeye hutumia nepi sita kwa siku, saba akila papai, na zote lazima zingoje gari. Kwa hiyo nimezifungulia stoo. Nepi ikimaliza kazi, kilicho kigumu kinamwagwa chooni, nepi inakunjwa kwa ndani, inabanwa kwa gundi zake yenyewe, inaingia kwenye mfuko mdogo, mfuko unakamuliwa hewa na kupigwa mafundo mawili. Halafu inabandikwa lebo: namba, tarehe, saa, na aina ya haja. Ndipo inaingia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, chini nimetandika vipande vya mkaa, juu nanyunyiza magadi vijiko viwili. Ndoo inakaa kibarazani upande wa kivuli, na kila Jumatatu inaoshwa kwa siki na kuanikwa juani. Kanuni ya stoo ni kwamba iliyotangulia kuingia ndiyo inayotangulia kutoka. Binti yangu aliwahi kuniuliza kanuni hiyo ina faida gani ikiwa zote zinatoka siku moja, kwenye gari moja. Nilimwambia stoo isiyo na kanuni ni jalala lenye mlango.

Sasa malalamiko yangu.

1. Lugha ya tangazo. Mmeandika kwa herufi kubwa: NI MARUFUKU KUHIFADHI CHOO NDANI YA NYUMBA. Ndugu Mwenyekiti, kila nyumba katika jengo hili ina choo ndani. Changu kipo mkono wa kushoto ukiingia. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kutii maandishi, nilimwita fundi bomba aje aniambie kama kinang'oleka. Akasema kinang'oleka vizuri tu, ila akauliza nitakiweka wapi, na hapo wote wawili tukakwama. Mtoto akipata choo, nyumba nzima inafurahi. Mpangaji akipata choo, anaulizwa ufunguo uko wapi. Kamati inayopiga marufuku choo inapaswa kujua choo kipi ni kipi. Nilikuja ofisini kwenu Ijumaa ile ile kuomba ufafanuzi, Katibu akanipa fomu yenye mstari unaosema "Eleza haja yako". Nikaandika: kubwa. Akaninyang'anya fomu akidai namfanyia mzaha. Sikuwa na mzaha wowote. Haja ilikuwa kubwa kwa kila maana ninayoijua.

2. Ukaguzi wa Jumamosi. Mlikuja watatu, wewe, Katibu, na mama cherehani wa ghorofa ya pili, ambaye ndiye mlalamikaji. Leso zilikuwa puani tangu ngazini, yaani hukumu ilifika kabla ya kesi. Nilichukua mkoba wangu wa ngozi, ule niliopewa siku ya kustaafu, ambamo hukaa kadi ya stoo inayoorodhesha kila nepi iingiayo, nikawafuata chumba kwa chumba nikiwaeleza. Mliinusa ndoo. Katibu mwenyewe alikiri kwamba inanukia siki na mkaa, basi. Mkanusa kitanda cha mtoto, mkanusa mapazia, mkanusa hadi viatu vyangu vya kuendea misibani. Mwisho mkasema harufu ipo ila inahamahama. Mama cherehani akaongeza kwamba inamzidi kila ninapomsogelea kumwonyesha kadi. Nilimsogelea zaidi ili tuthibitishe pamoja, naye akatoka nje bila kuaga. Nauliza kwa heshima: harufu gani hiyo yenye miguu?

3. Tuhuma kwamba chanzo ni nyumba yangu. Hapa sitabisha kijinga. Harufu ipo, sina pua ya mbao. Nilianza kuisikia Alhamisi iliyopita, ngazini. Ijumaa niliikuta ofisini kwenu, tena ya kutosha, na wewe mwenyewe ulifungua madirisha yote mawili nilipokaa. Juzi niliikuta kwa kinyozi, ambaye alinimaliza kwa dakika nne na kuacha upande mmoja mrefu. Jana niliikuta posta, ingawa watu wa foleni ile ni waungwana ajabu, walinipisha wote nikawa wa kwanza dirishani. Hata sasa ninapoandika naisikia hapa mezani, na ndoo iko nje, imefunikwa.

Mama cherehani namhurumia kweli. Wateja wake wanavuta pumzi na kuizuia wakati wa kupimwa, vifua vinatuna, matokeo yake magauni yanawapwaya na lawama zinamrudia yeye. Nimekuwa nikishuka kila siku na mkoba wangu kumpa pole na kumwonyesha kadi, na hali yake haijapata nafuu. Lakini fikiri, Ndugu Mwenyekiti. Ndoo yangu haijatoka kibarazani isipokuwa Jumatatu. Harufu iko ngazini, ofisini, kwa kinyozi na posta. Kila nilikotia mguu nimeikuta. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, mji mzima unanuka, na kumtoa mtoto wa miezi saba ghorofa ya tatu hakutausaidia mji.

4. Wizi. Nimelichelewesha hili kwa sababu ni zito. Jumatatu nilipokabidhi mzigo kwa watu wa gari la taka nilihesabu, kama ninavyohesabu siku zote. Kadi inasema arobaini na tatu. Ndoo ilikuwa na arobaini na mbili. Inayokosekana ni namba kumi na saba, ya Jumatano ya wiki iliyopita, saa nane mchana, haja kubwa. Naikumbuka vizuri. Ilitoka kazini kliniki, siku Bosi alipochomwa sindano. Nilimbadilisha pale pale kwenye benchi, nikafunga, nikaandika lebo, nikaiingiza kwenye kadi. Alilia njia nzima, akaja kulala begani kwangu tukiwa tunapanda ngazi. Nilikaa naye kwenye kiti hivyo hivyo, viatu miguuni, mpaka mkono ukafa ganzi, kwa sababu sikutaka kumwamsha. Mlango nilikuwa sijaufunga. Bila shaka hapo ndipo mtu alipoingia, akaichukua nepi ya mtoto mgonjwa, na tangu siku hiyo anaizungusha mjini ili anichafulie jina. Tarehe zinalingana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami naamini mtu huyo anakaa humu humu ndani, na huenda ana cherehani.

5. Kwa hiyo naomba upekuzi wa nyumba zote za jengo, kuanzia ya kwako ili uwe mfano. Naomba pia kila kaya iorodheshe harufu zake, soksi, samaki, na yale manukato ya Katibu ambayo mpaka leo hayana lebo. Naomba pua za wajumbe zipimwe na mtaalamu. Naomba radhi yenu ibandikwe mlangoni kwa herufi zenye ukubwa ule ule wa tangazo. Na juu ya yote naomba ile Ijumaa ifutwe.

Niruhusu neno moja lisilo na namba. Naogopa. Tangu mke wangu afariki, nyumba hii ilikaa miaka minne bila harufu ya kitu chochote. Nilikuwa napika chai na hata chai hainukii. Siku Bosi alipoletwa na ndoo yake, nililalamika kwa binti yangu wiki nzima, na nililala vizuri wiki nzima. Sitaki kurudi kwenye ile nyumba safi.

Nafunga nikitumaini kikao kitanitendea haki. Nisalimie mkeo na watoto, msalimie Katibu, msalimie mlinzi wa geti ambaye siku hizi ananipungia mkono akiwa mbali, na umsalimie mama cherehani, kwani mtuhumiwa naye ni jirani. Bosi anawasalimu wote kwa meno mawili.

Wako mwenye stoo isiyo na doa,

Mzee Stoo

Viambatisho:
A. Tangazo lenu (pungufu kona moja)
B. Nakala ya kadi ya stoo
C. Cheti changu cha Utunzaji Bora, kuthibitisha kwamba sipotezi vitu

NYONGEZA, saa tisa na nusu. Baada ya kusaini nilifungua mfuko wa nyuma wa mkoba, ule wenye zipu, ambao huwa siufungui kwa sababu ndimo kinamokaa cheti. Nilitaka kukitoa kiwe Kiambatisho C. Cheti kimepatikana. Juu yake ilikuwa imekaa namba kumi na saba, lebo ikitazama juu, mwandiko wangu mwenyewe, tarehe sahihi, saa sahihi, aina ya haja sahihi. Niliitia humo kliniki, nikampakata mtoto kwa mikono miwili, na zipu sikuigusa tena. Wahenga walisema nguoni. Hawakujua habari za mikoba.

Mtu mwingine angeichana barua hii. Mimi siwezi, barua ikishapewa namba haichanwi, hurekebishwa. Basi futeni kipengele cha pili, cha tatu, cha nne na cha tano. Mji haunuki. Mama cherehani hajaiba kitu. Nitashuka kumwomba radhi leo leo, mikono mitupu, na kuhusu magauni yanayopwaya nitakaa nimshikie pini. Kwa kinyozi na posta nitapita kesho. Kiambatisho C sitaweza kukileta, hakishikiki. Kipengele cha kwanza kinabaki pale pale, kwa sababu choo bado ni choo.

Ila Ijumaa, Ndugu Mwenyekiti, nakuomba uitazame upya. Kosa hili ni la mtu wa miaka sitini na nane, halimhusu wa miezi saba. Kama lazima mmoja wetu atoke, nitoke mimi; nitakaa getini na mlinzi mpaka binti yangu afanye mtihani, niwe napanda kubadilisha nepi tu. Njooni Ijumaa hiyo saa kumi, bila leso, mmnuse mtoto mwenyewe utosini. Ananukia maziwa. Mimi nitasimama nje ya mlango, na mkoba nimeshautoa.