Vigelegele vya Mama Mkwe kwa Kiongozi wa Waingereza

Leo nimeaibika mbele ya Waingereza, jamani, na kilichoniponza ni adabu yangu mwenyewe.

Mnajua nilikaa Leicester miaka mingi kabla ya kuhamia huku Toronto. Kule nilijiunga na chama kimoja kidogo cha siasa. Kidogo kweli. (Uchaguzi uliopita nadhani hata mgombea wetu hakujipigia kura.) Kiongozi akajiuzulu, nafasi ikakosa mtu. Mwenyekiti akanipigia simu kuniomba nigombee, na nikishinda nirudi kuishi Uingereza. Kichwa kikavimba. Nikakubali papo hapo.

Mume wangu hakugomba. Alisema tu, "Mama Salma, utaenda peke yako." Na Salma mwenyewe, anayeishi ghorofa ya juu ya jengo letu hapa Flemingdon Park, ana mimba ya kwanza. Usingizi ukaniruka. Lakini nitajitoaje, na nilishajitangaza mpaka msikitini?

Basi leo asubuhi mkutano wa uchaguzi ukafanyika kwa kompyuta. Nilivaa koti la heshima (juu tu, chini kanga). Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kumngoja kitukuu, alikaa nyuma yangu. Kiingereza hajui, ila mambo ya kura anayajua.

Tulikuwa wagombea wawili, mimi na mzee mmoja mstaafu, mpole. Mwenyekiti akaniuliza kama niko tayari kuubeba mzigo. Sasa kwetu, mtu mwenye haya havamii cheo kama sinia la harusi. Unakataa kwanza, watu wanakusihi, unakataa tena, wanakusihi, ndipo unakubali kwa shingo upande. Nikainamisha macho nikasema, "Mimi sistahili. Wapo wanaofaa kuliko mimi."

Nikasubiri kusihiwa.

"Tunakushukuru kwa ukweli wako," akasema mwenyekiti. "Basi amebaki mmoja."

Hakuna aliyenisihi. Hata mmoja! Nikafungua mdomo nieleze, tayari wanampigia mzee makofi. Mama mkwe kuona makofi, akajua mkwewe ameshinda. Akaja mbele ya kamera, akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Akanivuta mkono tucheze. Nikasimama. (Chama kizima kikaiona kanga.)

Yule mzee akafuta machozi. Akasema maisha yake yote hajawahi kushangiliwa hivyo. Kisha akatangaza kazi ya kwanza ya kiongozi: kugonga milango nyumba kwa nyumba, hata mvua isipokatika.

Nilipozima kompyuta nilikaa sakafuni nikacheka mpaka mbavu zikauma. Alhamdulillahi. Siendi popote. Mjukuu wangu atanikuta hapa hapa.

Naomba mcheke kimyakimya tu. Mama mkwe bado hajaambiwa, na yuko jikoni anapika pilau ya ushindi.